Daktari wa Jicho Moja Aliyezunguka Afrika na Ndai Kuukuu Akisaka Siri ya Kansa ya Watoi

Kama ulizaliwa na kulelewa Uthiru, kuna ugonjwa mmoja mbaya wa watoi ambao haukuwa na nafasi kubwa ya kukushika. Na sio juu mathako alikuwa mkali na mambo ya kunawa mikono. Ni juu ya baridi. Ile baridi ya Julai inayofanya wasee wa Kinoo wavae jaketi mbili na bado watetemeke, hiyo ndiyo ilikuwa imekulinda. Binamu yako aliyelelewa Kisumu ama Busia hakuwa na hiyo bahati.

Msee aliyegundua hiyo tofauti alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, na alikuwa na jicho moja. Anaitwa Denis Burkitt. Alidedi mwaka wa 1993, wakati wengi wetu tulikuwa bado hatujazaliwa, lakini jina lake bado linaandikwa kwa faili za hospitali kila siku hapa Kenya na Uganda. Stori yake ni noma. Kaa hapo nikupe.

Jiwe moja, jicho moja

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 Enniskillen, mji mdogo sehemu ambayo leo ni Ireland ya Kaskazini. Buda yake, James, alikuwa injinia wa kaunti, mtu wa barabara na madaraja. Lakini akitoka job alikuwa na mambo yake mengine: ndege. Alikuwa anashika ndege wadogo wanaoitwa robini hapo kwake nyumbani, anawavisha pete za chuma miguuni, halafu anafuatilia nani anaishi wapi na nani amevuka mpaka wa nani. Kisha anachora ramani. Hiyo kazi yake ya ramani za ndege ilikuja kuheshimika sana na wanasayansi. Shika hiyo ya ramani, tutairudia.

Denis akiwa na miaka 11, watoi walikuwa wanarushiana mawe, zile vita za kijinga za kutoka shule. Jiwe moja likagonga miwani yake. Vipande vya kioo vikaingia jicho la kulia. Madaktari hawakuweza kuliokoa. Likatolewa, akawekewa la gilasi.

Sasa, kuishi na jicho moja sio eti unaona nusu ya dunia. Macho mawili huchukua picha mbili zinazotofautiana kidogo, na ubongo ukizilinganisha ndio unajua kikombe kiko mbali kiasi gani na mkono wako. Ukibaki na moja, ubongo unalazimika kutumia mbinu zingine: ukubwa wa kitu, kivuli chake, venye kinasonga ukigeuza kichwa. Kama unadhani ni rahisi, funga jicho moja saa hii ujaribu kuingiza uzi kwa sindano. Halafu ujiulize ungekuwaje ukiwa umesimama na kisu mbele ya tumbo la mtu. Huyu jamaa aliishia kufanya hiyo kazi miaka na miaka.

Uinjinia ulimkataa

Mwaka wa 1929 Denis akaingia Trinity College kule Dublin kusomea uinjinia kama buda yake. Haikuenda poa. Alama zilikuwa za kutia huruma, hadi watu wa chuo wakaanza kushuku kama atawahi maliza. Sisi tulioachana na chuo njiani tunajua hiyo hisia vizuri sana. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa ameokoka na mbogi fulani ya maombi hapo chuoni, akaanza kuamini anafaa kuwa daktari. Akahamia udaktari, na ghafla mambo yakashika. Alimaliza mwaka wa 1935, na kufika 1938 alikuwa amehitimu upasuaji Edinburgh.

Alitaka kuja kufanya kazi Afrika. Akaomba nafasi kwa serikali ya kikoloni ya Uingereza, wakacheki hali yake ya macho, wakamwambia hapana. Daktari wa jicho moja hawakumtaka.

Halafu Vita vya Pili vya Dunia vikachacha na jeshi likahitaji madaktari. Mwaka wa 1941 jeshi lilimchukua na jicho lake hilo hilo moja. Akaletwa huku kwetu, akahudumu Kenya na Somalia, na akapata nafasi ya kutembea Uganda akaipenda. Vita vilipoisha akaomba tena kazi ya serikali. Safari hii wakamkubali, na mwaka wa 1946 akatumwa Lira, kaskazini mwa Uganda.

Busha za Lira

Lira alikuwa daktari wa watu wengi sana kwenye eneo kubwa sana. Akaona kitu. Wanaume wengi walikuwa wanakuja kufanyiwa upasuaji wa busha, lakini karibu wote walikuwa wanatoka upande mmoja wa wilaya, mashariki. Wa magharibi hawakuwa na hiyo shida.

Daktari mwingine angepasua tu aendelee na siku yake. Burkitt alianza kuuliza kila mgonjwa anatoka wapi, akaweka alama kwa ramani. Akachapisha matokeo kwa jarida la madaktari. Leo tunajua busha nyingi za sehemu za joto hutokana na minyoo midogo inayosambazwa na mbu, wale wale wanaoleta matende. Wakati huo Burkitt hakuwa na jibu lote. Alichokuwa nacho ni swali: kwa nini hapa na sio pale? Hilo swali ndilo likamfanya ajulikane.

Mtoi wa Mulago

Mwishoni mwa miaka ya 40 alihamishiwa Kampala, hospitali ya Mulago. Na mwaka wa 1957, daktari mwenzake, Hugh Trowell, akamwita aje acheki mtoi mmoja wa miaka kama mitano. Uso wa huyo mtoto ulikuwa umefura pande zote mbili, juu na chini, meno yamelegea. Kama ni jipu, lingekuwa upande mmoja. Kama ni kansa ya kawaida ya mfupa, pia ingeanza mahali pamoja. Hii ilikuwa taya zote, pande zote nne. Burkitt hakujua ni nini na hakuna chochote angefanya. Akapiga picha.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja kwa hospitali ya huko. Akachungulia dirishani, akaona mtoi mwingine nje na mzazi wake. Uso ule ule. Alienda akampima, akapata pia ana uvimbe tumboni.

Mmoja unaweza sema ni bahati mbaya. Wawili, Burkitt akakataa kulala. Akarudi Mulago akaanza kufukua faili za zamani. Akapata watoto kibao: wengine waliandikwa wana kansa ya taya, wengine ya figo, wengine ya tumbo, wengine jicho limesukumwa nje hadi halifungiki. Madaktari tofauti walikuwa wameandika majina tofauti. Yeye akaona ni ugonjwa mmoja unaovaa nguo tofauti. Hata Sir Albert Cook, aliyefungua hospitali ya Mengo mwaka wa 1897, alikuwa ameacha rekodi za watoi wenye uvimbe kama huo. Ugonjwa ulikuwa umekaa hapo miaka sitini bila mtu kuunganisha.

Hiyo ya macho isikupite. Uvimbe huu ulikuwa unapenda tundu la jicho. Mzazi angeleta mtoi akidhani ni shida ya macho tu, kumbe ni kansa imekaa nyuma ya jicho inalisukuma. Daktari wa macho asiyejua angetoa jicho, na mtoto bado angekufa. Kwa hivyo kujua kwamba hili jicho na ile taya na lile tumbo ni ugonjwa mmoja ilikuwa ni suala la kifo na uhai.

Mwaka wa 1958 alichapisha ripoti ya watoto 38. Watu wachache sana walijali. Baadaye wataalamu wa maabara Kampala wakaonyesha kwamba ni kansa ya chembe za kinga za mwili, aina ya limfoma.

Picha kwa posta, halafu barabara

Burkitt alirudi kwa ile tabia ya buda yake. Alichapisha vikaratasi vyenye picha za watoto waliofura taya, akavituma kwa posta kwa mamia ya hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza tu: umeona hii? Majibu yalikuja, na kila jibu la ndiyo likawa alama kwa ramani.

Ramani ikaanza kuonyesha mkanda. Ugonjwa ulikuwa umekaa katikati ya Afrika, kutoka magharibi hadi mashariki, halafu una mkia unaoshuka pwani ya Msumbiji. Kaskazini ya mbali hakuna. Afrika Kusini karibu hakuna.

Shida ya majibu ya posta ni kwamba mtu anaweza kusema hajaona juu hajui anaangalia nini. Kwa hivyo Oktoba 1961, Burkitt na madaktari wenzake wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda Ford moja ya mkono wa pili, wakatoka Kampala kuelekea kusini. Williams alikuwa fundi mzuri wa magari, na hiyo ilisaidia sana, juu barabara za miaka hiyo hazikuwa Waiyaki Way. Wiki kumi. Maili 10,000, yaani kama kilomita 16,000. Zaidi ya hospitali 50. Kila walipofika walitoa picha, wakauliza madaktari na wauguzi, wakacheki rekodi, wakalala, wakaendelea.

Walikuwa wanatafuta mpaka. Hii ndiyo sehemu naipenda zaidi. Msee wa kawaida akisaka chanzo cha ugonjwa huenda pale ugonjwa uko. Burkitt alitaka kwenda pale ugonjwa unaishia, juu ukijua unasimama wapi, unaweza kuuliza nini kimebadilika hapo.

Sasa Uthiru inaingia wapi

Walichokipata ni hiki. Karibu na ikweta, kama Kenya na Uganda, ugonjwa ulikuwa unakatika ukipita urefu wa kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kisumu iko kama mita 1,130, uko. Pwani, uko. Nairobi ndani ya jiji ni juu ya mita 1,600, na ukipanda huku kwetu upande wa Kabete na Uthiru unapita 1,700. Watoto waliozaliwa na kukaa huku hawakuwa wanaupata kivile. Waliokuwa wanalazwa Nairobi wakiwa nao, wengi walikuwa wametoka sehemu za chini.

Mwanzoni ilionekana kama ni urefu wa mlima tu. Lakini walipoendelea kusini, mpaka ulikuwa unashuka. Mbali na ikweta, hata sehemu za urefu wa kati hazikuwa nao, hadi kule Msumbiji ukabaki nyanda za chini tu karibu na bahari. Kama ni urefu, kwa nini ubadilike? Jibu: ukienda mbali na ikweta, baridi inashuka chini kukufuata. Kwa hivyo mpaka haukuwa wa urefu. Ulikuwa wa joto. Pale ambapo miezi ya baridi inashuka chini ya nyuzi kama 16 za Selsiasi, ugonjwa hauko. Na pale ambapo mvua ni kidogo sana, pia hauko.

Joto na mvua. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi na mbu aliyekuwa Entebbe, alicheki hiyo ramani akaona inafanana na ramani za magonjwa ya mbu. Kansa inayofuata mbu? Wakati huo hiyo ilikuwa ni wazo la ajabu kabisa.

Ukungu ulioleta bahati

Tarehe 22 Machi 1961, hata kabla ya ile safari ya Ford, Burkitt alikuwa likizo Uingereza na akatoa hotuba kwenye hospitali ya Middlesex, London. Kati ya waliosikiliza kulikuwa na mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa anachunguza virusi vinavyoleta kansa kwa kuku. Akaskia kuhusu kansa ya watoi inayofuata mvua na joto, akajua hapa kuna virusi. Wakaelewana: Burkitt atatuma vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege, Epstein atasaka.

Alisaka zaidi ya miaka miwili. Hakupata kitu.

Halafu mwisho wa 1963, ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London juu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kipande kilifika kimechelewa, maji yake yamekuwa kama maziwa. Kawaida hiyo inamaanisha bakteria wameingia, unatupa. Epstein hakutupa. Aliweka tone chini ya hadubini, akapata sio bakteria, ni chembe za kansa zenyewe zimejitenga na ziko hai zinaelea. Mwendo wa ndege ulikuwa umezitikisa zikaachana. Hizo zikakubali kukua maabara, na mapema 1964 yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, wakaona virusi ndani yake. Vinaitwa virusi vya Epstein-Barr. Ndivyo virusi vya kwanza kabisa kuhusishwa na kansa ya binadamu, na vilitoka kwa mtoi wa Uganda.

Aliotea vibaya, lakini ramani haikudanganya

Hapa watu wengi hukatia stori, lakini kuna kona. Wazo lilikuwa mbu anabeba virusi vya kansa. Sio kweli. Virusi vya Epstein-Barr husambaa kwa mate, na karibu kila mtu mzima duniani anavyo, hata wewe unayesoma hii kwa mathree. Vinakaa tu kimya.

Kama ni hivyo, ramani ilikuwa inaonyesha nini? Malaria. Mbu hakuwa anabeba kansa, alikuwa anabeba malaria, na mtoi anayepigwa na malaria kali mara kwa mara tangu akiwa mdogo, kinga yake inachoka na kuvurugika, vile virusi vinapata mwanya. Watafiti waliofanya kazi hapa Kenya, kina Gilbert Dalldorf, walikuwa kati ya wa kwanza kusukuma hilo wazo mwaka wa 1964, na Burkitt mwenyewe akalikubali na kulitetea. Hakung'ang'ania wazo la kwanza eti ndilo lilimpa jina. Ushahidi ulibadilika, na yeye akabadilika.

Sasa umeelewa kwa nini baridi ya Uthiru ilikulinda. Mbu wa malaria hawaipendi.

Dawa iliyeyusha uvimbe

Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji, lakini alisema wazi kwamba kisu hakisaidii hapa. Ukikata taya, unaharibu uso wa mtoto na ugonjwa unarudi. Mashine za mionzi Uganda haikuwa nazo. Kwa hivyo akaanza kujaribu dawa mpya za kemo zilizokuwa zinaletwa na Wamarekani. Hapa Nairobi, daktari Peter Clifford alikuwa anafanya hivyo hivyo.

Matokeo yaliwashtua. Mtoi ambaye uso ulikuwa umefura anapewa dozi chache, na ndani ya siku kadhaa uvimbe unayeyuka. Jicho lililosukumwa nje linarudi ndani. Sio wote walipona, wengi ugonjwa ulirudi. Lakini wengine walienda nyumbani wakakua wakawa watu wazima. Wakati ambapo duniani kote kansa nyingi zilikuwa ni hukumu ya kifo, hii ikawa kati ya kansa za kwanza kuponywa kwa dawa peke yake. Mwaka wa 1967 kituo cha kutibu limfoma kikafunguliwa Mulago, na hicho ndicho kilikua kikawa Taasisi ya Kansa ya Uganda.

Akageukia choo

Burkitt aliondoka Uganda mwaka wa 1966. Ungedhani atapumzika. Badala yake akaanza kuuliza swali lile lile kwa njia nyingine: kuna magonjwa gani kibao Uingereza ambayo Uganda sikuyaona? Kufunga choo, bawasiri, kansa ya utumbo mpana. Akatuma tena maswali kwa hospitali za misheni. Akapima uzito wa choo cha watu wa Ulaya na cha watu wa vijijini Afrika, na muda chakula kinachukua kupita. Hakuona aibu kuonyesha picha za choo kwa mikutano ya maprofesa. Jibu lake lilikuwa nyuzinyuzi: maharagwe, mboga, nafaka ambazo hazijakobolewa. Madaktari wengine walibishana naye kuhusu mambo kadhaa hapo, lakini hiyo ushauri unaopewa leo ya kula githeri kuliko chipo mwitu, yeye alichangia sana. Alidedi tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82.

Kitu cha kubaki nacho

Tusimfanye malaika. Alikuja kwa serikali ya kikoloni, na ugonjwa ukapewa jina lake, sio la mtoi wa kwanza, wala la wauguzi wa Uganda na Kenya waliowatunza, wala la akina mama waliotembea na watoto mgongoni kutafuta msaada. Hao pia ndio walijenga hii sayansi.

Na ugonjwa haujaisha. Limfoma ya Burkitt bado inashika watoto upande wa Ziwa Victoria na pwani yetu. Inatibika, tena vizuri sana ikiwahiwa, juu ni kansa inayokua haraka mno lakini pia inasikia dawa haraka. Kinachoua wengi ni kuchelewa. Mtoi anapelekwa kung'olewa jino, anarudishwa nyumbani. Anapewa dawa ya macho, anarudishwa nyumbani. Wiki zinaenda.

Kwa hivyo kama una mtu ushago upande wa joto, na kuna mtoi taya linafura haraka, meno yanalegea bila kugongwa, jicho linatoka nje, ama tumbo linafura, usingoje mwisho wa mwezi. Waambie waende hospitali kubwa ya kaunti, sio duka la dawa, na waulize wazi kama inaweza kuwa kansa. Kile Burkitt aliona kwa dirisha la Jinja na jicho moja, wewe unaweza kukiona na mawili.

Ulikuwa unajua kuhusu huyu jamaa? Tumia msee wako wa Kisumu hii stori, huenda ikamfaa.